Viti vya mabaraza si zawadi



Katika kampuni tunamofanya kazi, nayo hatutaitaja jina, kulitokea nafasi moja ya karani musaidizi wa magazini. Kazi yake ni kuandika koleo, mafuta, kamba na vipande vya mashini vinavyoingia na vinavyotoka. Mushahara wake haumutajirishi mutu. Hata hivyo karatasi ilibandikwa mulangoni mwa buro siku 15. Juu yake iliandikwa wazi diploma inayotakiwa, miaka ya kazi, siku ya mutihani na saa yake. Vijana zaidi ya 40 walikuja. Wakafanya dikte, wakafanya hesabu, wakaulizwa habari za mahali walipofanya kazi zamani. Yule aliyewashinda wote alipokelewa kwa majaribio ya miezi 3, kisha ndipo akaandikwa katika kitabu cha watumishi.

Hatulaumu jambo hilo. Ni jambo la haki. Mutu atakayechunga koleo za kampuni atafutwe kwa taa.

Lakini mwaka uleule, usiku mumoja, tuliketi nyumbani mbele ya televizio ya serikali. Musomaji wa habari akaanza kusoma amri za Prezida wa Republika za kutaja wasimamizi wa makampuni ya serikali. Tulisikia majina. Hatukusikia diploma. Hatukusikia miaka ya kazi. Hatukusikia ni nani walioshindana nao, wala ni nani aliyewapima. Kesho yake asubuhi tulipofika buroni tukaulizana juu ya mumoja wao: huyu ni nani? Mwenzetu wa kwanza akajibu kwa kutaja kabila lake. Wa pili akajibu kwa kutaja chama chake. Wa tatu akajibu kwa kutaja mukubwa anayemulinda. Hakuna hata mumoja wetu aliyejibu kwa kutaja kazi aliyoifanya.

Basi tukajiuliza: kwa nini mutu wa koleo anapimwa, na mutu wa mugodi muzima hapimwi? Ndilo jambo tunalotaka kulisema leo, bila hasira na bila woga.

Kwanza tueleze baraza hili ni kitu gani, sababu wandugu wengi wanasikia jina lake tu. Kila kampuni kubwa ina directeri mukuu anayefanya kazi kila siku. Juu yake kuko baraza la wasimamizi, ndilo Wafaransa huita conseil d'administration. Baraza halichimbi shaba wala haliwashi moto wa mutapo. Kazi yake ni kukubali au kukataa hesabu ya mwaka, kukubali au kukataa mapatano makubwa na makampuni ya wageni, na kumuuliza directeri: fedha hii imekwenda wapi? Sheria za OHADA, ambazo Kongo imezifuata tangu mwaka 2012, zinasema baraza la kampuni ya namna hii liwe na watu 3 hadi 12. Ni watu wachache kuliko wale wanaoingia katika kamyoneti moja kwenda kazini. Lakini sahihi zao zinaweza kulisha muji muzima au kuulaza na njaa.

Nani anawataja? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 81, inasema kwamba Prezida wa Republika ndiye anayewataja na kuwaondoa wajumbe wa serikali katika makampuni yake. Lakini haisemi kwamba anafanya hivyo peke yake. Inasema anafanya hivyo kwa shauri la Serikali lililozungumzwa katika Baraza la Waministri, na Ministri wa Kwanza anatia sahihi pamoja naye. Musomaji alikumbuke neno hilo, tutalirudia.

Jambo hili si la leo. Mwaka 1900, Leopold II alipokuwa bado mwenye Kongo, iliundwa Kamati Maalum ya Katanga, ile iliyojulikana kwa herufi CSK. Ilipewa ardhi na madini ya jimbo kuyasimamia. Wasimamizi wake walikuwa 6: wane walitajwa na serikali yake, wawili na Kampuni ya Katanga. Wazee wetu waliokaa juu ya ardhi hiyo hawakuulizwa neno. Mwaka 1906 Union Minière ikazaliwa, na mashauri yake makubwa yakakatwa Bruxelles. CSK ilikuwa na sehemu zake ndani ya Union Minière, na sehemu hizo zilingojewa kuwa urithi wa serikali ya Kongo. Tarehe 27 ya mwezi wa 6 mwaka 1960, siku 3 tu kabla ya uhuru, CSK ikavunjwa, na theluthi ya mali yake ikaenda kwa Kampuni ya Katanga. Bendera yetu ilipopanda, nguvu ya kura ndani ya Union Minière ilikuwa imekwisha kupunguzwa.

Hapo tunajifunza neno moja: mwenye kutaja watu wa baraza ndiye mwenye mali, hata kama bendera ni ya mwingine.

Kisha ikaja zamu yetu. Mwanzo wa mwaka 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière hapa inchini na kuunda kampuni yake, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 1986 kampuni hiyo ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Likasi, Kolwezi, Kipushi na Lubumbashi zilikula kwa mukono wake: posho, shule, hospitali, nyumba. Mwaka 2003 tani zake hazikufika 20,000. Mwaka huohuo watumishi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa fedha ya Banki ya Dunia, na wengi wao walikuwa wamekaa miezi mingi bila kuona mushahara. Tangu siku hizo kuko nyumba nyingi katika kambi za wafanya kazi ambamo baba aliingia na bahasha moja, akatoka maskini kabla ya mwaka kwisha.

Hatusemi mabaraza pekee yaliua kazi hiyo. Kuko bei ya shaba iliyoanguka, kuko mugodi wa Kamoto uliobomoka mwaka 1990, kuko uporaji wa mwaka 1991, kuko vita. Mutu wa haki asisahau hayo. Lakini tunauliza: katika miaka ile ambapo fedha iliyofaa kununua mashini mpya ilitoka kwenda mahali pengine, ni nani ndani ya baraza aliyesimama na kusema hapana? Na kama hakuna aliyesimama, tusishangae. Mutu aliyepewa kiti usiku kwa neno la mukubwa, anajua kwamba usiku mwingine anaweza kunyanganywa kwa neno lilelile. Atasemaje hapana?

Huo ndio ugonjwa wa kwanza wa njia hii: musimamizi anamutazama yule aliyemutaja, hamutazami mwenye mali.

Ugonjwa wa pili ni wa kugawana. Mwaka 2019, wakati miungano miwili ya siasa, FCC na CACH, ilipokuwa ikitawala pamoja, viti vya makampuni ya serikali viliwekwa mezani kama nyama ya mbuzi. Mwezi wa 6 mwaka huo Prezida alitaja wakubwa wapya wa Gécamines na wa SNCC, ile kampuni ya njia za reli. Serikali mpya ilikuwa haijaundwa. Upande mwingine ukapiga kelele, watu wakabishana juu ya sahihi, juu ya nani ana haki ya kushauri na nani ana haki ya kutaja. Katika mabishano yale yote tulitega masikio kusikia swali moja tu: mutu huyu anajua reli? Anajua shaba? Swali hilo halikuwa na mwenye kuliuliza kwa sauti. Nasi tunaojua namna gari la moshi la kwenda Kamina linavyokawia, tulijua ni nani anayelipa deni la mabishano hayo.

Ugonjwa wa tatu ni wa kukosa majibu. Karani akikosa kuandika koleo 2, anaitwa, anaandikiwa barua, anajieleza, na kama hana maelezo anakatwa mushahara. Musimamizi akiondoka barazani hatujui aliondoka kwa kosa gani, au kwa kuwa alifanya vizuri muno akaudhi watu. Majina mapya yanasomwa tu. Na kwa kuwa sababu haijulikani, anayefuata hajifunzi kitu.

Wengine watasema: haya ni mambo ya zamani, leo makampuni ya wageni ndiyo yanayochimba. Ni kweli. Mwaka 2024 Kongo ilihesabiwa kuwa ya pili duniani kwa kutoa shaba, baada ya Chile, na sehemu kubwa ya shaba hiyo ilitoka katika migodi ambamo serikali ina sehemu ndogo tu. Kule Tenke Fungurume, kwa mufano, Gécamines ina 20 kwa 100. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuchagua vema zaidi. Mwenye sehemu kubwa hata akisinzia, wengi wa kura wanamulinda. Mwenye sehemu ndogo hana silaha nyingine ila akili ya mujumbe wake: ajue kusoma hesabu, ajue kuuliza bei ambayo shaba iliuzwa, ajue kuuliza deni lilitoka wapi na faida yake inakwenda kwa nani. Mujumbe asiyejua hayo ataketi, atakunywa chai, atatia sahihi, atapokea posho ya mukutano.

Sasa tutazame inchi iliyo mbele yetu katika kazi hii ya shaba. Chile nayo ilichukua migodi mikubwa mikononi mwa wageni, mwaka 1971, na kampuni yake ya serikali inaitwa Codelco. Kwa miaka mingi waministri wenyewe walikaa katika baraza la Codelco: ministri wa migodi na ministri wa fedha. Mwaka 2009 walibadili sheria. Tangu wakati huo waministri wametoka barazani. Viti ni 9. Vitatu Prezida anavijaza mwenyewe kwa watu anaowaamini. Vine anavijaza pia, lakini hawezi kuchukua mutu yeyote njiani: ni lazima amuchague katika majina matatu-matatu yaliyopimwa na baraza lingine linalotafuta wakubwa wa kazi za serikali. Viwili vya mwisho vinatoka katika majina yaliyoletwa na watumishi wa Codelco wenyewe, kimoja upande wa wafanya kazi, kimoja upande wa wakubwa wa kazi. Tena wote hawaondoki kwa siku moja, wanapokezana, ili baraza lisikose kumbukumbu.

Hatusemi Chile ni paradizo. Codelco ina madeni makubwa, na migodi yake inaua watu kama migodi mingine. Lakini tunaona kwamba Prezida wa Chile hakunyanganywa heshima yake. Bado ni yeye anayetia sahihi. Ila kabla ya sahihi kuko mizani.

Basi na sisi tunaomba nini? Tunaomba mambo 6, na tunayahesabu kama makarani.

La kwanza: kila kiti kinachokuwa wazi kitangazwe, na kazi yake iandikwe, pamoja na masomo na miaka inayotakiwa. Kiti cha baraza la reli kisiwe siri kuliko kiti cha magazini.

La pili: kamati ndogo ya watu wa hesabu, wa sheria na wa ufundi, ambao wenyewe hawawezi kutajwa katika viti hivyo, ipime walioomba na kuandika majina 3 kwa kila kiti. Serikali ishauri kutoka humo, na Prezida achague mumoja wa hao 3.

La tatu: majina hayo na masomo yao yatangazwe siku 30 kabla ya amri, na kamati ya Bunge iwaulize maswali mbele ya watu. Mwenye neno alilete kwa jina lake, si kwa minongono.

La ine: katika kila baraza kiwe kiti kimoja cha mutumishi, aliyechaguliwa na wenzake kwa kura ya siri.

La tano: wakati wa kukaa uwe umeandikwa, na mutu asiondolewe kabla ya wakati ila kwa sababu iliyoandikwa na kutangazwa. Nao wasitoke wote kwa mara moja.

La sita: kifungu cha 99 cha Katiba kinawadai Prezida na waministri waandike mali yao mbele ya Mahakama ya Katiba wanapoingia na wanapotoka. Musimamizi wa baraza naye afanye vilevile, tena ataje makampuni ambamo yeye au watu wa nyumba yake wana sehemu. Mutu asikae pande mbili za meza moja.

Tunajua majibu yatakayotolewa, nasi tutayasikiliza kwa heshima.

Watasema: Katiba imempa Prezida kazi hiyo, munataka kuivunja Katiba. Hapana. Tulisema mulikumbuke lile neno la kifungu cha 81. Prezida anataja kwa shauri la Serikali. Katiba haikusema Serikali itafute shauri lake namna gani. Sheria ya kawaida ya Bunge inaweza kupanga njia hiyo, kama vile sheria za tarehe 7 mwezi wa 7 mwaka 2008 zilivyopanga mambo ya makampuni ya serikali na namna ya kuyaongoza. Sahihi inabaki palepale ilipo. Sisi tunaomba njia ya kuifikia tu.

Watasema: mutumishi hajui mambo makubwa, tena atatoa siri inje. Lakini nani anaandika hizo hesabu kubwa kama si makarani? Tunazijua tarakimu hizo kabla hazijapanda juu. Kuhusu siri, mutumishi ataapa kama wengine, na akivunja kiapo ataadhibiwa kama wengine. Wala kura ya watumishi si kitu kigeni: tangu Kodi ya Kazi ya mwaka 2002, na hata kabla yake, watumishi wanachagua wajumbe wao wa sendika. Karatasi za kura ziko, sanduku liko.

Watasema: kila jimbo linataka mwana wake, na mutihani utayapendelea majimbo yenye shule nyingi. Jibu hili lina uzito, hatulitupi. Kamati itazame inchi nzima, isichote majina yote katika kisima kimoja. Lakini kwanza mutihani, ndipo jimbo. Mwana wa jimbo asiyejua kazi hailetei jimbo lake kitu. Je, wale watu zaidi ya 10,000 wa mwaka 2003 walifarijika kwa sababu mutu wa kwao alikuwa na kiti?

Hapa, wandugu, tuseme na kosa letu wenyewe, maana si haki kuwapiga wakubwa fimbo na kujificha sisi. Jina la ndugu yetu likisomwa katika televizio, tunafanya nini? Tunanunua pombe, tunapiga ngoma, na kesho yake tunajipanga mulangoni pake na majina ya watoto wetu. Tunamwambia: zamu yetu imefika, usitusahau. Yeye naye, hata kama aliingia na moyo mweupe, anaona kwamba watu wake hawamungoji kwa kazi, wanamungoja kwa vyakula. Sisi wenyewe tuliandika karani wa magazini wetu apimwe. Kisha tukacheza ngoma kwa mukubwa asiyepimwa. Tukitaka kiti kiwe kazi, tuache kukisherehekea kama mahari.

Kuko tena wakubwa wema. Tumewaona wasimamizi waliofika asubuhi kabla ya makarani, waliosoma kila karatasi na kurudisha zile zisizo na maelezo. Kwao mupango huu si tusi. Ni ngao. Mutu aliyeshinda mutihani mbele ya watu anaweza kumwambia mukubwa yeyote: nilikuja hapa kwa kazi yangu, na sababu ya kuniondoa utaiandika. Leo mutu mwema hana la kushika. Akikataa mapatano mabaya, anaondoka usiku, na watu wanadhani aliiba.

Wazee wetu walidai uhuru ili mashauri ya shaba yasikatwe tena Bruxelles bila sisi. Yakikatwa Kinshasa bila sisi, tofauti ni ya muji tu. Kwa hiyo kila musomaji anayeona neno hili kuwa la haki, amuulize depite wake, atakapokuja kuomba kura, swali moja fupi: viti vya mabaraza, utavipigia sheria au utavipigia magoti? Aandike jibu lake na tarehe yake, alitunze vizuri.

Sisi makarani tunajua kutunza karatasi.